Tutatambuaje mahali palipokuwa na sinema za zamani?

Muulizaji

Salaam, wanajukwaa. Kwa muda sasa nimekuwa nikikusanya picha za majengo yaliyowahi kuwa majumba ya sinema, na mengi yamegeuzwa matumizi kiasi kwamba usipoelezwa na mtu aliyewahi kuingia humo kutazama picha, unaweza kupita mlangoni kila siku bila kujua. Kwa sinema za garini, ambazo watu walitazama wakiwa wamekaa ndani ya magari yao, shida ni kubwa zaidi, maana hazikuwa na paa wala viti. Naomba kuelimishwa: ni alama gani hubaki, na kwa nini hizo za garini zilitoweka kwa wingi namna ile?

Jibu la kwanza

Ndugu muulizaji, nianze na za garini, kwa sababu alama yake imo ardhini.

Aliyezianzisha rasmi ni Richard Hollingshead wa Camden, New Jersey, nchini Marekani. Inaelezwa kwamba alifanya majaribio nyumbani kwake: aliweka mashine ya picha juu ya boneti ya gari, akatundika shuka kwenye miti ya uani, akaweka redio nyuma ya shuka ili ipatikane sauti, kisha akafungulia maji ya kumwagilia nyasi yamwagikie gari ili ajue mtazamaji angeonaje mvua ikinyesha. Kilichomsumbua zaidi kilikuwa gari la mbele kulikinga la nyuma. Akaweka vipande vya mbao chini ya magurudumu ya mbele hadi akapata mwinuko uliofaa, na mwinuko huo ndio alioupatia hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, mwezi Mei 1933, kabla ya kufungua sinema yake tarehe 6 Juni mwaka huohuo. Hataza hiyo ilipobatilishwa mahakamani mwaka 1949, wajenzi wengine hawakulazimika tena kumlipa, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950 Marekani ilikuwa na sinema za aina hiyo zaidi ya 4,000.

Basi unachotafuta ni matuta. Kila safu ya magari ilikuwa na tuta lake lililopinda kama upinde, tuta nyuma ya tuta, yote yakielekea upande ilipokuwa skrini. Skrini huanguka na vibanda hubomolewa, lakini udongo ulioshindiliwa kwa miaka mingi hausahau upesi. Ukitazama picha za setilaiti utaona mipinde hiyo hata pale nyasi zilipokwisha kufunika kila kitu. Ukitembea kwa miguu, angalia pia visiki vya nguzo fupi za chuma zilizopangwa kwa nafasi sawa, kwani nguzo moja ilibeba vipaza sauti viwili, kimoja kwa kila gari, ambavyo mtazamaji alivitundika kwenye kioo cha mlango.

Kuhusu kutoweka kwake, sababu kubwa kwa maoni yangu ni ardhi. Sinema ya garini ilihitaji uwanja mpana pembezoni mwa mji, na mji ulipoukaribia uwanja huo, thamani ya kiwanja ikapita mapato ya biashara iliyofanya kazi usiku tu. Televisheni na kanda za video ziliwabakiza watu nyumbani. Huko Marekani, saa zilipoanza kusogezwa mbele majira ya joto karibu nchi nzima mwaka 1967, giza lilichelewa kwa saa moja, na familia zenye watoto hazikuweza kusubiri. Hata hivyo hazikufa zote: Shankweiler's ya Pennsylvania, iliyofunguliwa 1934, ingali ikionyesha picha.

Jibu la pili

Mimi nilikuwa mwendesha mashine, kwa hiyo nitasemea majumba.

Usihangaike na upande wa mbele, kwa sababu ndio unaobadilishwa kwanza. Ingia ndani, uipe mgongo sehemu ilipokuwa skrini, uinue macho kwenye ukuta wa nyuma. Ukiona matundu madogo ya mraba yaliyopangwa juu, hata yakiwa yamezibwa kwa saruji, hapo palikuwa na chumba cha mashine. Kila mashine ilikuwa na matundu mawili, moja la kupitisha mwanga na jingine la mwendeshaji kuchungulia. Mashine zilikuwa mbili kwa sababu roli moja ilidumu takriban dakika 20 tu. Alama ndogo ya duara ilipotokea kwenye kona ya juu ya picha, niliwasha mota ya mashine ya pili. Ilipotokea mara nyingine, nilihamisha picha, na kazi ikifanywa vizuri mtazamaji hakuhisi lolote.

Chunguza pia kama matundu hayo yana reli za chuma pembeni. Filamu za zamani, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, zilitengenezwa kwa nitrati, ambayo ikishika moto haizimiki kwa maji, kwa hiyo chumba kilijengwa kwa kuta nene na vifuniko vya chuma vilivyoanguka vyenyewe kutenganisha moto na watu.

Jibu la tatu

Naongeza jambo moja. Tusihuzunike kila jengo linapopata kazi nyingine, kwa kuwa mara nyingi kazi hiyo ndiyo iliyoliokoa. Grand Splendid ya Buenos Aires, iliyofunguliwa 1919, sasa ni duka la vitabu, na kuba lake lenye michoro bado lipo. Michigan Theatre ya Detroit, ya mwaka 1926, imekuwa maegesho ya magari: madereva huegesha chini ya dari iliyonakshiwa kwa plasta, na sehemu ya nakshi hiyo ingali juu ya vichwa vyao. Mimi naona afadhali hivyo kuliko kiwanja kitupu.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Nimerudia picha zangu usiku huu, na katika jengo moja ambalo sasa ni ghala nimeona matundu manne yaliyozibwa, na la tano dogo kando, peke yake. Hilo la tano ni la nini?

Jibu la pili

Manne ni ya mashine mbili. La tano, kwa kukisia kutokana na vyumba nilivyofanyia kazi, ni la mashine ya slaidi, iliyoonyesha matangazo kabla ya picha kuanza. Ukipata ruhusa, panda ngazi uone sakafu ya chumba chenyewe: mahali mashine zilipofungwa huwa pana mashimo ya bolti.