Yaya wetu amefia Johannesburg, tunataka kumuzika Lubumbashi, tuanzie wapi?

Mwana Katuba
Jambo ba ndugu. Yaya wetu amefariki kazi tatu ku Johannesburg, ni ugonjwa, alikuwa mu hospitali wiki mbili. Huku Katuba kilio kimeisha kuanza, batu balilala inje, mama hakuli, anarudilia neno moja tu, muniletee mwana wangu. Tumeisha kukotiza kidogo na ba mjomba bameisha kutangaza mazishi posho inayokuja pa makaburi ya Kilobelobe. Sasa magumu ni hii, yaya aliombaka ukimbizi kule na jina aliandikisha si ile iko ku pasipoti yake ya Kongo. Bibi yake naye ni mukimbizi, eko na batoto batatu. Kuko kampuni moja ya mazishi imemupigia simu inasema itamaliza yote mu siku ine lakini atume nusu ya franga leo. Tufanye je? Ndege ao barabara?

Kijana wa Yeoville
Pole sana mukubwa, poleni familia yote. Kabla ya ndege na barabara, jina kwanza. Munganga wa hospitali anajaza fomu ya lufu, ile wanaita DHA-1663, kisha Home Affairs, wizara ya mambo ya ndani ya kule, njo inaandikisha lufu na kutoa sertifika, na ikiisha kutoka na jina ya ukimbizi, kubadilisha inakula muda mingi sana na maiti iko mu frigo munalipa kila siku. Basi mutu aende mbio na pasipoti na ile karatasi ya ukimbizi, asifiche kitu, aseme jina mbili ni za mutu mumoja, na batu bawili ba familia baape afidavi, ni kiapo cha kuandika, ku polisi, pale hawalipishe. Kisha wizara ya afya ya kule inatoa ruhusa ya kutosha maiti mu inchi, na ambasade yetu ya Pretoria inatoa lese-pase ya maiti, ni karatasi ya kuingiza maiti mu Kongo.

Na tafazali sana, bibi ya marehemu asiende yeye mwenyewe ku ambasade. Tangu 2020 sheria ya wakimbizi ya kule ilikaza, mukimbizi mwenye kuomba musaada ku ambasade ya inchi yake anaweza kupoteza ukimbizi wake, na kusindikiza sanduku mpaka Lubumbashi ni vilevile. Najua ni uchungu mama kukosa kuzika bwana yake lakini ako na batoto batatu, aulize avoka wa wakimbizi mbele. Mutume ndugu mwenye pasipoti na visa.

Franga ya nusu musitume bila beyi ku karatasi, inayosema kama sanduku la zinki, dawa ya maiti na ruhusa zote ziko ndani ao hapana.

Shofere wa Kasumba
Poleni. Barabara inapita Beitbridge, Zimbabwe yote, Chirundu, Zambia, kisha Kasumbalesa, ni zaidi ya kilometa 2000. Chirundu haisumbue sana, tangu 2009 Zambia na Zimbabwe banafanya kazi pa fasi moja. Mufanye kopi mingi za kila karatasi juu kila mupaka unabakisha yake, na mutu wa familia alale Kasumbalesa siku moja mbele aonyeshe kopi kwa ba afya ba mupaka, toka pale mpaka mujini ni kilometa kama 90 tu. Ndege inafika Luano, kiwanja cha ndege cha Lubumbashi, mbio lakini bei ya kilo iko juu, na zinki na mbao zinapimwa pamoja na maiti.

Mama Ruashi
Mwanangu, pole. Shiye tulileta baba yetu toka kule na kitu kilituumiza ni sanduku. Zinki inachomelewa, haifunguliwe tena, sasa ba tantine balikuwa wanalia muifungue tumuone, na mukubwa mumoja alianza kusema pengine si yeye iko ndani, ile neno ilibakia mu familia mpaka leo. Chagueni mutu mwenye mama anamuamini, amuone mbele ya kuchomelea, amuvalishe, apige na picha kama mama anataka. Na tarehe ya posho, wambie ba mjomba baitoshe leo. Tulitangaza mara tatu, batu balitoka Likasi na Kolwezi, tukabakia na kiti tupu na chakula.

Mwana Katuba
Aksanti sana mama, aksanti ba kaka. Ba mjomba balikasirika lakini bamekubali, hakuna tarehe mpaka karatasi ya ambasade itoke. Mwana wa mama mudogo eko na pasipoti, anafanya kazi Pretoria, njo ataenda ku hospitali kesho asubui. Tumeamua barabara. Mama nilimusomea maneno ya Mama Ruashi, akanyamaza, kisha akasema bibi yake njo amuvalishe, na amuwekee ile shati ya buluu alitumiwaka ku Noeli. Kijana wa Yeoville, kama unajua avoka wa wakimbizi, niandikie pembeni, ni kwa ajili ya bibi yake.