Barua pepe ya shukrani baada ya usaili: ina faida au ni kujipendekeza tu?

Mzee wa Faili (mleta mada)
Wakuu, siku hizi kila anayefundisha vijana kuomba kazi anasisitiza kwamba ukitoka kwenye usaili, ndani ya saa 24 utume barua pepe ya kushukuru. Mimi naona kwa hapa kwetu Tanzania ni kumaliza bando bure. Kila mjumbe wa jopo anajaza alama palepale, anasaini karatasi yake, zinajumlishwa, kwisha. Shukrani inakuta kura zimeshahesabiwa. Halafu unamshukuru nani, wakati HR (watu wa rasilimali watu) wenyewe hawajibu barua ya mtu? Tujadili.

Kalamu Nyekundu
Mkuu, umechanganya serikali na binafsi. Kule Sekretarieti ya Ajira kuna mtihani wa mchujo, baadhi ya kada wanafanya na vitendo, ndipo mahojiano. Majibu unayakuta mtandaoni. Huko usimwandikie mtu, hakuna wa kumsaidia.

Kampuni binafsi na mashirika ni habari nyingine. Alama zinatoa watatu wa juu, basi. Baada ya hapo wadhamini wanapigiwa simu, mshahara unajadiliwa, jina linapanda kwa mkurugenzi. Wa kwanza akikataa mshahara, anatafutwa wa pili. Barua ya shukrani inafanya kazi katika kipindi hicho.

Namna yake: jibu barua ileile iliyokuita kwenye usaili, usianzishe mpya, ili cheo na namba ya tangazo vibaki kwenye mada. Sentensi tano au sita zinatosha. Shukuru, taja jambo moja mahususi lililozungumzwa, na kama kuna swali ulilijibu nusu, limalizie kwa sentensi mbili. Usiulize mshahara, usiambatanishe CV upya.

Ila hilo la "HR hawajibu" umelitupa njiani kama ganda la ndizi. Tangazo moja la mhasibu linaleta mamia ya maombi. Nani kati yetu wa HR atajibu yote?

Ngosha Mkavu
Dada Kalamu, mamia gani? Walioketi mbele ya jopo lako ni sita. Sita! Umewapa siku yao nzima, wengine wamepanda basi kutoka mkoani, halafu barua sita zinakushinda?

Dada wa Mapokezi
Turudi kwenye mada jamani. Barua nyingi za shukrani zinaharibika kwa mambo madogo:
- Umenakili ya jana, jina la kampuni ni la jana. Hiyo ni mbaya kuliko kutotuma kabisa.
- Umekosea jina la mwenyekiti wa jopo. Kama hukulisikia vizuri, piga mapokezi uulize linaandikwaje. Usibahatishe.
- Unatuma WhatsApp kwa namba iliyokupigia kukuita. Mara nyingi ni simu binafsi ya karani.
- "Nasubiri majibu mazuri kwa hamu." Hilo linasomeka kama shinikizo. Andika kwamba uko tayari kutoa taarifa yoyote ya ziada.

Na zawadi, hata kalenda, usipeleke. TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, hawacheki na mtu.

Jicho la Tatu
Nani amewahi kupeleka kalenda 😂

Kalamu Nyekundu
@Ngosha Mkavu, wewe unaona kiburi, sisi tunaona sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7 au cha 8 kama sikosei, inamlinda hata anayeomba kazi. Mwandikie mtu sababu za kumkataa, kesho anayo karatasi ya kukupeleka CMA, kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Wakili Bila Joho
Ni cha 7. Na umekisoma nusu. Kinakataza ubaguzi: jinsia, ujauzito, ulemavu, dini, kabila na mengineyo. Ni kweli mwombaji wa kazi naye anahesabiwa humo. Lakini hakuna mstari unaokuzuia kumwambia mtu kwamba nafasi imejazwa. Tena huhitaji kutaja sababu: "Tunashukuru kwa kushiriki usaili wa nafasi hii. Tumemchagua mwombaji mwingine." Hapo mtu atashtaki nini? Kinachokuponza mbele ya CMA ni swali la "unatarajia kuzaa lini" mlilomuuliza binti kwenye chumba cha usaili.

Ngosha Mkavu
Mwambie, kaka Wakili!

Mpembuzi
Na hata hayo mamia yanajibika. Orodha iko Excel: jina, barua pepe, nafasi. Fungua Word, andika barua moja, iunganishe na orodha hiyo, itume kupitia Outlook. Kila mtu anapata yake kwa jina lake. Jaribu kwanza kwa anwani zako mbili, maana safu ikisogea, Asha ataitwa Juma. Ukitumia Gmail ya bure, kikomo ni wapokeaji 500 kwa siku, kwa hiyo gawa.

Kosa kubwa ni kumwaga anwani zote kwenye "Kwa", kila mwombaji anawaona wenzake, pamoja na yule ambaye bosi wake hajui kama anatafuta kazi. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi, huo uzembe utakuletea barua usiyoipenda.

Mzee wa Faili
Kwa hiyo tumekubaliana kuwa HR ndio tatizo 😎

Kalamu Nyekundu
Hatujakubaliana chochote, mzee wangu. Mnaongea kama vile siku ya usaili ndiyo siku ya uamuzi. Mpaka namba moja asaini mkataba na kuripoti, siwezi kumkataa namba mbili. Nikimtumia pole leo, Ijumaa namba moja akabaki kwa mwajiri wake, nitampigia namba mbili kwa uso gani?

Wakili Bila Joho
Kwa hiyo namba nne, tano na sita wanasubiri kwa ajili ya nani? Hao waandikie leo. Namba mbili na tatu waambie uamuzi haujakamilika, na taja tarehe utakayowapa jibu.

Jicho la Tatu
Namba mbili akishanusa kwamba yeye ni namba mbili, si atapandisha mshahara?

Mpembuzi
Atajuaje ni wa pili? Ameambiwa uamuzi haujakamilika, basi. Na mshahara una ngazi yake kabla tangazo halijatoka. Kama HR anaogopa kusukumwa, inaonekana bajeti haikuidhinishwa kabla ya kuita watu. Hilo nalo dada Kalamu atueleze.

Kalamu Nyekundu
Bajeti muulize mhasibu. Ndiye tunayemtafuta.