Wapiga banjo wanaokopi nyimbo za pop: wapewe jukwaa la bluegrass au wakatafute kwao?

Mleta mada
Wadau, naleta hoja mezani. Huko Marekani wapenzi wa bluegrass, ule muziki wa banjo, fidla, mandolini, gitaa kavu na besi la kusimama, wana ubishi wa miaka mingi kuhusu bendi zinazopiga kopi za pop na rock. Hayseed Dixie waliibuka 2001 na albamu nzima ya nyimbo za AC/DC, bendi ya rock. Iron Horse wa Alabama wakafuata 2003 na albamu ya nyimbo za Metallica, nao ni wa rock. Wahafidhina wanasema huo ni utani, usipewe nafasi kwenye matamasha yao.

Mimi nasema wapewe, na shahidi wangu ni Bill Monroe mwenyewe, baba wa muziki huu. "Blue Moon of Kentucky" yake ilikuwa ya taratibu, mapigo matatu matatu. Mwaka 1954 Elvis Presley, kijana ambaye hata jina hana, akaikopi pale Memphis na kuichangamsha. Mwaka huohuo Monroe akairekodi upya: anaanza na mwendo wake wa zamani, halafu anauachia wimbo ukimbie. Mwenye mali kaifuata kopi, sisi wapambe tunanuna nini?

Mzee wa Rizimu
Mkuu, umemchagulia Monroe siku nzuri. Ni huyohuyo aliyekataa kushiriki pale Nitty Gritty Dirt Band, vijana wa California, walipowaita wakongwe warekodi nao albamu iliyotoka 1972. Na Lester Flatt na Earl Scruggs je, wakongwe wawili wa bluegrass waliopiga pamoja? Waliachana 1969, na sababu mojawapo ni kwamba Scruggs alitaka nyimbo mpya, za akina Bob Dylan, Flatt hazimpandi kabisa. Hofu ya wahafidhina inaeleweka. Ukipiga wimbo ambao ukumbi mzima unaujua, makofi yanakuja kabla mandolini haijafanya kazi yoyote. Kijana mwenye utunzi wake atasikilizwa na nani? Hata bendi zetu za hotelini ni hivyohivyo, mwaka mzima kopi.

Binti Solo
Kwani asilia ni ipi? Banjo chimbuko lake ni ala za Afrika Magharibi zilizovuka bahari na watumwa. Monroe mwenyewe utotoni alichota blues kwa Arnold Shultz, Mweusi wa Kentucky aliyepiga gitaa na fidla. Muziki huu ulizaliwa umeshachanganywa. Mkitaka kufunga mlango, semeni mnaufunga mwaka gani. 1945, Earl Scruggs alipoingia bendi ya Monroe na upigaji wake wa banjo kwa vidole vitatu? Siku hiyo naye alikuwa mgeni.

Mzee wa Rizimu
Kuchanganya siyo kukopi, dada. Shultz hakuwa anachekesha watu.

Mleta mada
Hapo umegusa penyewe, mzee, ila tusiwatie wote kapu moja. Yupo anayebandika banjo juu ya rock ili watu wacheke. Huyo ukimsikia mara moja inatosha. Lakini yupo Alison Krauss, mwimbaji na mpiga fidla wa bluegrass, ambaye 1995 alichukua wimbo wa The Foundations wa 1967, wimbo wa kuchezeka kabisa, akaupunguza kasi mpaka maneno yakaanza kuuma. Ukampa Grammy. Wapo New Grass Revival wa Sam Bush, waliotia rock tangu albamu yao ya kwanza 1972. Baadaye akapitia humo Béla Fleck, yuleyule aliyekuja na banjo yake hadi Tanzania 2005 akapiga na Anania Ngoliga, fundi wa ilimba. Kipimo changu ni kimoja: ukisahau umaarufu wa wimbo, je, vyombo vinapokezana solo sawasawa na mwendo unakaa? Kama ndiyo, wapande.

Mzee wa Rizimu
Wapande, ila kwa sharti: nusu ya watakachopiga iwe utunzi wao. Nani anapinga?

Binti Solo
Mimi. Wawekee sharti hilo na wale wanaorudia nyimbo za Monroe kila mwaka uone matamasha yatabaki na bendi ngapi. Nazo ni kopi, mzee.