MREJESHO: Maumivu ya muundi nikikimbia Capri Point

Wakuu, salaam. Mwezi wa tatu niliuliza hapa kwa nini muundi wa kulia unaniuma kila nikikimbia kutoka Kirumba hadi kimlima cha Capri Point, huku Mwanza. Nimerudi kama nilivyoahidi.

Viatu nilibadilisha, soli ilikuwa imelala upande mmoja. Ila kilichonisaidia hasa ni ushauri wa kufupisha hatua. Nilijihesabu kwa dakika moja: hatua 152, na kisigino kikitua mbele kabisa ya mwili. Kwa wiki sita nimefupisha hatua na kuziongeza taratibu mpaka 164 kwa dakika. Siku za mwanzo mapafu yalilalamika kuliko miguu, sasa nimezoea.

Kile kimlima nilikiacha mwezi mzima, nikawa nakimbia tambarare kandokando ya ziwa, siku tatu kwa wiki. Kushuka natembea hadi leo, maana kushuka ndiko kulikoniumiza, si kupanda. Nyumbani nasimama ukingoni mwa ngazi, nainua visigino mara 15, mizunguko mitatu.

Jumamosi nilifika juu bila maumivu, nikakaa kuangalia jua likizama ziwani. Dada uliyesema nihesabu hatua, Mungu akubariki sana.