Mrejesho: ruta ya kubeba wateja wa PPPoE
Niliuliza ninunue ruta gani ya seshoni 2,000 za PPPoE (njia ya mteja kuingia kwenye intaneti ya mtoa huduma kwa jina na nenosiri). Asanteni wakuu, nimechukua seva ya Linux yenye accel-ppp (programu ya kupokea seshoni hizo) na kadi mbili za mtandao za 10G.

Kilichosumbua: kiini kimoja cha prosesa kilifika 100%, vingine vimelala. Kadi hii haisomi IP iliyo ndani ya fremu ya PPPoE, hivyo pakiti zote za wateja huangukia foleni moja. Dawa ni RPS, yaani kerneli kugawa pakiti kwa viini vingi: andika viini vyako kwenye rps_cpus ya foleni hiyo, igawe kazi yenyewe.

MTU (ukubwa wa mwisho wa pakiti) iwe 1492, MSS (data ya TCP ndani ya pakiti) ibanwe 1452. Bila hivyo baadhi ya tovuti hazifunguki. Umeme ukirudi wote hujiunga kwa mpigo na RADIUS (seva inayohakiki wateja) inazidiwa, kwa hiyo weka max-starting (kikomo cha seshoni zinazoanzishwa kwa wakati mmoja). Seva ya akiba ipe pado-delay (muda wa kusubiri kabla ya kumjibu mteja) kubwa kuliko ya kwanza, ili ya kwanza iwahi kujibu.