Projekta moja au vishikwambi 12? Kikao ni Ijumaa, naombeni ushauri

ChakiMpya
Habari za muda huu walimu wenzangu. Shule yetu imepata fungu dogo la vifaa vya kufundishia na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kupendekeza kinunuliwe nini. Fungu linatosha kitu kimoja tu kati ya hivi: projekta nzuri na kompyuta mpakato yake, au vishikwambi 12. Mwenye uzoefu anisaidie, kipi kina manufaa zaidi? Nasisitiza darasani, si ofisini.

Mwl_Kipimo
Mwalimu, swali lako halijibiki lilivyo. Wanafunzi wangapi? Somo gani? Umeme upo muda wote? Intaneti ipo, au unategemea bando la simu yako? Na madirisha ya darasa yana mapazia? Hilo la mapazia si dogo, nimeona projekta ya maana ikishindwa na jua la saa nne asubuhi.

BintiHesabu
Vishikwambi, bila kusita. Projekta ni ubao uleule uliobadilishiwa rangi, mwalimu anaendelea kuongea na watoto wanaendelea kutazama. Mimi natumia GeoGebra, programu ya hesabu na maumbo, ni ya bure. Mtoto anashika ncha ya pembetatu kwa kidole, anaivuta anavyotaka, pembe zote tatu zinabadilika lakini jumla inabaki nyuzi 180. Anavuta tena na tena akitafuta itakapokosea. Huyo hahitaji kukaririshwa.

MzeeWaUbao
Binti yangu, hilo la pembetatu nimelipenda. Ila ngoja nimsimulie huyu ndugu yaliyonikuta, asije akasaini kabla hajayasikia.

Shule niliyokuwa nafundisha ililetewa vishikwambi 30 vyenye programu ya masomo ndani yake. Kila kimoja kilitaka akaunti, akaunti ikataka barua pepe, na watoto hawana barua pepe. Nilikaa siku mbili nafungua akaunti 30 na kuandika nywila kwenye daftari. Kipindi ni dakika 40. Kumi za kugawa, kumi za kuingia, tano za wale waliosahau nywila, tano za kukusanya na kuhesabu. Hesabu mwenyewe zilizobaki kwa somo.

Chumba kilikuwa na soketi nne. Asubuhi nusu ya vifaa vilifika darasani vikiwa na chaji ya kufia njiani. Kufikia mwezi wa nne matundu ya chaji yalishaanza kulegea, kwa sababu mikono ni mingi na waya ni mmoja. Hayo yote tuliyavumilia. Kilichotumaliza ni kwamba programu ilikuwa imelipiwa mwaka mmoja, na hakuna aliyetuambia. Mwaka ulipoisha masomo yote yalijifunga, hata yale yaliyokuwa yamehifadhiwa ndani ya kifaa. Muuzaji tulimtafuta, hakupokea simu. Vikarudi kabatini, betri zikavimba humohumo.

Kulikuwa na binti mmoja ambaye tangu aanze shule hakuwahi kunyoosha mkono darasani. Kwenye kishikwambi alikuwa anajibu maswali, na anapata. Alinifuata mara tatu kuniuliza vinarudi lini. Mpaka leo naliona lile swali usoni pake.

BintiHesabu
Shikamoo mwalimu. Pole sana. Lakini hapo tatizo si kishikwambi, ni mkataba. Programu ya bure isiyohitaji leseni isingewafungia.

ChakiMpya
Samahanini, niliruka mambo. Wanafunzi ni 64 kwenye darasa moja. Masomo ni fizikia na hesabu. Umeme upo ila hukatika. Intaneti ni ya simu yangu. Mapazia hakuna.

Mwl_Kipimo
Basi piga hesabu. Watoto 64 kwa vifaa 12 ni watano watano, na wanne wanabaki hawana pa kukaa. Katika hao watano anayeshika ni mmoja, wengine wanatazama bega lake. Mkienda kwenye projekta, angalieni mwanga. Kwa chumba kisicho na giza msishuke chini ya lumeni 3,000 (ndicho kipimo cha mwanga), na ziwe lumeni za ANSI, yaani zilizopimwa kwa kiwango rasmi, maana namba kubwa inayoandikwa kwenye boksi mara nyingi si hiyo. Ya taa ya kawaida hudumu saa elfu chache, kisha mnanunua taa nyingine. Ya LED au leza huweza kufika saa 20,000. Ulizeni hilo kabla ya kuuliza bei.

FundiSeva
Wote mnabishana kuhusu skrini, wakati mali iko kwenye yaliyomo. Mwalimu, tafuta Kolibri. Ni programu ya masomo, ya bure, imetengenezwa kwa ajili ya mahali pasipo na intaneti. Unaiweka kwenye kompyuta moja hata ya zamani, au kwenye Raspberry Pi, kile kikompyuta kidogo cha bei nafuu, unapakua masomo mara moja tu mahali penye mtandao, kisha ruta ndogo inayasambaza darasani. Wanafunzi wanafungua kwa kivinjari cha kawaida. Wewe unaona nani amekwama zoezi la ngapi. Hata kwa Kiswahili inafunguka.

ChakiMpya
Kompyuta za zamani tunazo tatu stoo, zinawaka.

Mwl_Kipimo
Sasa mwalimu! Hilo ndilo lingekuwa la kwanza kuandika. Kama kompyuta ipo, fungu lote linaenda kwenye projekta na unabakiwa na chenji ya mapazia na betri ya akiba.

FundiSeva
Au linaenda kwenye vishikwambi, kwa sababu seva tayari ipo.

KadiMkononi
Darasa la 64 mimi nalijua. Kuna kitu kinaitwa Plickers, sioni watu wakikitaja. Kila mtoto anapewa kadi ya karatasi yenye mchoro wake. Akiigeuza upande huu ni A, upande ule ni B, hivyo hivyo mpaka D. Mwalimu anapitisha kamera ya simu juu ya darasa, majibu yanaingia yote. Simu ni moja tu, ya mwalimu. Seti ya kawaida ina kadi 40 na ipo ya 63, kwa hiyo kwako anabaki mmoja, mpange na jirani yake. Mtoto mwenye haya hajulikani amejibu nini, kwa hiyo anajibu. Nimemfikiria yule binti wa MzeeWaUbao.

MzeeWaUbao
Ahsante. Hilo la kadi sikuwa nalijua.

Mwl_Kipimo
Niongeze kwa wanaoamini kifaa chenyewe kinafundisha. Peru iligawa zaidi ya kompyuta ndogo laki nane kupitia mpango wa One Laptop per Child. Utafiti wa shule 319 za vijijini, uliotoka 2012, haukuona alama za hesabu wala za lugha zikipanda.

BintiHesabu
Kaka, usome mpaka mwisho. Utafiti huohuo ulikuta dalili nzuri kwenye uwezo wa jumla wa kufikiri. Watoto waligawiwa mashine, namna ya kufundishwa ikabaki ileile ya jana. Ungetegemea nini?

DaftariKwanza
Mimi nasema watoto waandike kwa mkono. Kuna utafiti wa Marekani wa 2014, walioandika kwa kalamu walielewa vizuri kuliko waliopiga chapa.

BintiHesabu
Ulirudiwa, matokeo yakatoka 2021. Wenye kompyuta waliandika maneno mengi zaidi ya mhadhiri neno kwa neno, ila kwenye mtihani tofauti haikuonekana. Na hao ni wanafunzi wa chuo, tafadhali, tusiwabebeshe watoto wetu.

DaftariKwanza
Hata hivyo mwandiko wa siku hizi hausomeki. Nasahihisha insha kwa kubahatisha.

KadiMkononi
Hilo kweli kabisa. Fungua mada yake, nitachangia.

FizikiaHai
Nimechelewa. Mwalimu, kwa fizikia chukua PhET, mradi wa majaribio ya kwenye skrini alioanzisha Carl Wieman mwaka 2002, yeye ni mshindi wa Nobel ya fizikia ya 2001. Pakua ile ya saketi za umeme, inafanya kazi bila intaneti. Mtoto anaunganisha balbu na betri na anaona elektroni zinatembea, kitu ambacho hata maabara yenye vifaa vyote haimwonyeshi. Kwa projekta, muite mmoja mbele aunganishe, darasa zima limwelekeze. Kelele zitakuwepo, ziache.

ChakiMpya
Nashukuru sana wote. Jana usiku nimeweka Kolibri kwenye moja ya zile kompyuta, imekubali. Naelekea kwenye projekta, ila mwalimu wa taaluma anataka vishikwambi kwa sababu vinagawika hadi madarasa mengine. Swali moja: hiyo ruta ndogo inahimili vifaa vingapi kwa wakati mmoja?

FundiSeva
Inategemea ni ruta gani. Za nyumbani huanza kusuasua zikishazidiwa na vifaa ishirini hivi. Taja modeli.

MzeeWaUbao
Na ufunguo wa kabati atakaa nao nani?