Filimbi ya Baroque: plastiki, boksiwudi au mpingo?

Mpingo_Mtwara
Wakuu habari zenu. Nataka kupiga sonata ya Bach, yule mtunzi wa Kijerumani, ya E maina kwa filimbi ya aina ya enzi zake (Baroque, miaka 300 hivi iliyopita), ile ya mbao yenye matundu sita na kii moja tu, yaani kifuniko kimoja cha kubonyeza. Naona njia tatu: ya plastiki ya kampuni ya Aulos iliyoiga ya fundi wa zamani Stanesby Junior wa London, au niagize ya boksiwudi (mbao ngumu ya Ulaya) huko huko, nakala ya fundi Rottenburgh wa Brussels, au nimpe fundi wa huku akereze ya mpingo maana mpingo tunao. Nishaurini.

sauti415
Anza na Aulos kaka. Noti ya A iko 415 (mitetemo kwa sekunde), yaani nusu toni chini ya 440 ya siku hizi, haipasuki, haitaki mafuta, unapuliza hata saa nzima. Boksiwudi ikiwa mpya unapuliza dakika chache kwa siku mpaka izoee unyevu.

Dada_Obo
Mimi ni boksiwudi tu. Mafundi wa wakati ule waliitumia sana, mpingo ulikuja kushika kasi karne ya 19. Mpingo mzito, ukiutia majini unazama, sauti inakaza na kung'aa. Boksiwudi ni laini, ile F nachurali ya vidole vya kupishana (unaziba matundu ukiruka moja katikati) inatoka kama mtu ananong'ona, na Bach alikuwa anaijua hiyo sauti.

mkerezaji
Jamani mti sio kila kitu, tundu la ndani ndo filimbi yenyewe. Kichwani ni kama milimita 19 halafu mwilini linabana kuelekea mguuni. Sasa zile za makumbusho zina miaka 300, mbao imesinyaa kwa upana kuliko urefu, tundu lililokuwa duara limekuwa kama yai, ukinakili vipimo vilivyo unanakili na kasoro. Yangu ya kwanza nilifuata mchoro kila kitu, D ya chini tamu, D ya juu ikashuka kuliko inavyotakiwa, ikabidi nitengeneze rima (chombo cha kupanua na kuchonga tundu la ndani) nyingine upya.

Mpingo_Mtwara
Asanteni sana. Basi Aulos kwanza nizoeze vidole, mpingo nauandaa taratibu. Unakaushwaje mkuu?

mkerezaji
Kata vipande, paka nta kwenye ncha zote mbili, weka kivulini, hesabu miaka sio miezi. Ukishakauka toboa tundu dogo tu uuache upumzike tena, rima baadaye. Ukifika hapo nistue nikutumie vipimo vyangu.